Kiongozi na Habari Asizozipenda

Mwaka 1984, mwaka mmoja kabla ya kung'atuka, Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa Tanzania, alihojiwa na jarida moja la nje kuhusu miaka yake ya uongozi. Akasema yapo mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza upya, akataja mawili: kuvunja serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Wengi hulipita haraka jibu hilo, ilhali ndani yake mna somo zito kuliko vitabu vingi vya uongozi vinavyouzwa mijini. Kupitia baraza la halmashauri na mkutano wa chama cha msingi cha ushirika, mkulima wa Newala au Sengerema aliweza kuifikishia Serikali neno ambalo haikupenda kulisikia, na aliyelipeleka alikuwa mtu aliyechaguliwa na wakulima wenzake, kwa hiyo alikuwa na sababu ya kulipeleka bila kulipunguza. Njia hizo mbili zikafungwa. Hoja ya makala haya ni kwamba hapo ndipo kiongozi hufaulu au huanguka: mafanikio yake yanategemea sana kama habari mbaya zinamfikia mapema na kwa ukweli, na kazi yake ya kwanza ni kuzilinda njia zinazozileta, hasa zinapomuudhi.

Hii si sifa inayotajwa kwanza. Kwenye kampeni, vijiwe vya kahawa na hata vikao vya usaili, watu huzungumzia akili, uadilifu, ufasaha, uthubutu na upeo wa kuona mbali. Sina ugomvi na sifa hizo. Lakini Mwalimu ndiye mtu wa kuzipimia, kwa sababu alikuwa nazo zote. Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu akamwachia Rashidi Kawawa, ili yeye akakijenge chama chake cha TANU. Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliwarudisha makwao zaidi ya 300, lakini pia alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 pamoja na ya wakubwa wa Serikali. Mwaka 1985 aliacha urais kwa hiari, katika bara ambalo marais wengi walikuwa wakiondoka kwa mapinduzi au kwa jeneza. Kiongozi mwizi akishindwa hatujifunzi jambo jipya. Akishindwa mtu wa namna hii katika jambo alilolipenda kuliko yote, inabidi tujiulize alikosa nini ambacho akili na uadilifu havikuweza kumpa.

Jambo alilolipenda kuliko yote ni kijiji cha ujamaa. Katika andiko lake la Septemba 1967 kuhusu ujamaa vijijini, alisisitiza kwamba vijiji hivyo haviwezi kujengwa kwa kulazimisha. Watu washawishiwe, waone mfano, waamue wenyewe. Mfano nao ulikuwepo. Huko Songea, vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa mwaka 1960, na baadaye vijiji vingine vikajiunga nacho katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma mpaka vikawa zaidi ya 15. Walilima pamoja, wakawa na shule yao na mashine ya kupasulia mbao, na mambo yao waliyaamua katika mikutano ya kijiji. Mwalimu aliwasifu. Hata hivyo Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikipiga marufuku chama hicho na mali yake ikachukuliwa, naye akaukubali uamuzi huo. Hasara yake haikuishia Songea. Wale ndio waliokuwa wakiujua ujamaa kwa mikono yao: unavyokwenda polepole, ugomvi unaozuka kuhusu nani amelima saa ngapi, na sababu zinazomfanya mtu akubali kuhamia au akatae. Walipoondolewa, Dar es Salaam ilibaki na nadharia, na waliobaki kuieleza ni maofisa ambao hawakuwahi kuishi katika kijiji cha namna hiyo.

Dalili za hatari zilionekana mapema. Desemba 25, 1971, huko Ismani, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alipigwa risasi na mkulima Said Mwamwindi katika mgogoro uliohusu mashamba na ujamaa. Kisha mkulima huyo akaupeleka mwili kwa gari hadi polisi na kujisalimisha. Mauaji hayatetewi na mtu mwenye akili timamu. Lakini tukio kama hilo linaiambia Serikali kwamba malalamiko yamekosa pa kupitia, na lingetosha kuifanya isimame na kuuliza wakulima wanasema nini. Mwaka uliofuata mambo yalikwenda kinyume. Kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilizochaguliwa zilivunjwa mwaka 1972, na shughuli zake zikawekwa chini ya maofisa walioteuliwa. Diwani aliyekuwa akiwaogopa wapigakura aliondoka. Akaja ofisa aliyemwogopa aliyemteua.

Novemba 1973 ikatoka amri: kuishi vijijini sasa ni lazima, na ikifika mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia. Inakadiriwa kuwa watu wasiopungua milioni 5 walihamishwa katika miaka hiyo mitatu, mojawapo ya uhamishaji mkubwa kabisa wa watu katika historia ya Afrika. Kwa kiongozi wa mkoa kipimo cha kazi kilikuwa kimoja, nacho kilihesabika kwa urahisi: kaya ngapi zimehama. Hakuna fomu iliyouliza shamba liko umbali gani na nyumba mpya, maji yanatosha kiangazi, au watu wamehamishwa wakati wa kupanda. Mikoa ikashindana. Vijiji vikapangwa kwa mstari kando ya barabara, ambako gari la mkubwa lingepita na mkubwa angeona. Mahali pengine nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi. Taarifa zilizopanda kwenda juu zilikuwa za kweli kwa hesabu, maana watu walikuwa wamehama kweli, lakini hazikueleza chochote kuhusu maisha yao. Kiongozi anaweza kupotoshwa hivyo bila mtu hata mmoja kumdanganya.

Tuangalie zao moja kwa karibu, yaani korosho ya Mtwara, Lindi na Pwani. Mkorosho hauhitaji mengi, ila una sharti moja ambalo kila mkulima wa kusini analijua. Korosho hungojwa ianguke yenyewe pamoja na bibo lake, kisha huokotwa ardhini, moja moja, siku baada ya siku katika msimu. Kwa hiyo chini ya mti lazima pawe peupe. Pasipopaliliwa, nyasi hufunika, korosho hupotea humo, na moto wa kiangazi ukipita huondoka na mti wenyewe. Mtu anayelala jirani na mikorosho yake huipalilia na kuiokota bila kuona kazi. Mhamishe hadi kijiji kilicho mwendo wa saa mbili, naye atakwenda mara chache, kisha mara chache zaidi, halafu shamba litakuwa pori. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilizalisha karibu tani 145,000 za korosho, ikawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani. Katikati ya miaka ya 1980 zao hilo lilikuwa limeshuka chini ya tani 20,000. Si uhamishaji peke yake uliolifikisha huko. Ugonjwa wa ubwiriunga ulishambulia maua, na bei aliyolipwa mkulima ilikuwa duni. Lakini kila mojawapo ya sababu hizo ilijulikana shambani kabla haijajulikana wizarani. Bibi mwenye miti 40 angeweza kueleza yote hayo kwa dakika tano, kama angekuwepo wa kumsikiliza ambaye naye alikuwa na pa kuyapeleka.

Huenda msomaji akasema Serikali ile haikuwa na uwezo wa kusikiliza watu wengi namna hiyo. Ilikuwa nao, na ushahidi ni wa mwaka uleule wa 1973. Kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Kikundi kilikaa na kiongozi wake, kikasikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kikajadili magonjwa ya kwao, kisha kikaamua chenyewe kitafanya nini: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kulinda kisima. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Nchi ilikuwa ileile na rais alikuwa yuleyule, hata umaskini ulikuwa uleule. Upande mmoja watu waliulizwa, upande mwingine wakaamriwa. Wala sisemi kwamba vijiji vilileta hasara tupu. Shule, zahanati na visima viliwafikia watu ambao zamani visingewafikia, na vijiji vingi vya leo vilizaliwa wakati huo. Ninachosema ni kwamba manufaa hayo yangeweza kupatikana bila kuiumiza kusini nzima, na kwamba makosa yaliyoweza kurekebishwa ndani ya msimu mmoja yaliachwa yakaota mizizi kwa miaka kumi.

Mlango wa mwisho ulifungwa mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa na kazi yao kupewa mamlaka za mazao. Hapa kuna pingamizi la haki, nalo halitakiwi kupuuzwa: vyama vile vilikuwa na uozo. Tume ya uchunguzi ya mwaka 1966 ilikuta wizi, upendeleo na uzembe, na wakulima wenyewe walikuwa wamelalamika. Lakini wizi ndani ya ushirika uligundulika kwa sababu mwanachama alikuwa na mkutano wa kuulizia fedha zake zimekwenda wapi. Wizi ndani ya mamlaka ya zao haukuwa na mkutano wowote. Mkulima alikatwa gharama za shirika asilolichagua na kulipwa kwa kuchelewa, na hasira yake aliionyesha kwa njia pekee iliyobaki: akaacha kulima zao hilo, au akaliuza kwa magendo. Njia chafu ya habari husafishwa. Mwalimu aliliona hilo baadaye, na ni sifa kwake kwamba sheria za kurudisha ushirika na serikali za mitaa zilipitishwa mwaka 1982 akiwa bado madarakani, kabla ya yeye kukiri hadharani. Viongozi wanaotengua uamuzi wao mkubwa wakiwa bado wana nguvu ni wachache sana.

Mifano ya nje inathibitisha hoja hii ya njia za habari kwa namna mbili tofauti. China ilipojitosa katika mpango wa Kuruka Mbele mwaka 1958, maofisa walitangaza mavuno ya kubuni, na Serikali ikachukua nafaka kwa kufuata takwimu hizo. Mwaka 1959, huko Lushan, Waziri wa Ulinzi Peng Dehuai alimwandikia Mao Zedong barua kumweleza matatizo aliyoyaona. Alivuliwa madaraka, na baada ya hapo nani angethubutu tena kuandika? Njaa iliyofuata iliua watu ambao wanahistoria huwakadiria kwa makumi ya milioni. Botswana ilishika njia nyingine. Ilipata uhuru mwaka 1966 ikiwa miongoni mwa nchi maskini kuliko zote duniani, na viongozi wake, Seretse Khama na kisha Ketumile Masire, walizoea kupeleka sera kwenye kgotla, baraza la jadi ambamo mtu wa kawaida ana haki ya kumpinga mkubwa mbele ya watu. (Zamani wanawake hawakuwa na sauti humo, na huo ulikuwa upungufu mkubwa.) Ukame mkali ulipoikumba nchi hiyo miaka ya 1980, mwaka baada ya mwaka, mavuno yaliporomoka lakini njaa ya kuua watu haikutokea. Watoto walipimwa uzito kliniki, takwimu zao zilikusanywa nchi nzima, wabunge walipiga kelele kuhusu majimbo yao, na chakula pamoja na kazi za kulipwa vikapelekwa mahali uzito ulipoanza kushuka. Almasi zilisaidia kulipia, hilo ni kweli. Lakini fedha haijui ni wilaya gani ina njaa mpaka mtu aseme.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni la wale wanaosema kiongozi ni mtu wa maamuzi, na kwamba nchi haiongozwi kwa vikao. Wataje Vita vya Kagera, na watakuwa na haki. Idi Amin wa Uganda alipovamia mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu hakuitisha mjadala wa nchi nzima. Alitangaza vita kwa hotuba ambayo hadi leo wazee wanaijua kwa kichwa, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Lakini tazama tofauti kati ya vita na vijiji. Vitani kosa hujitangaza lenyewe: daraja limevunjwa au halikuvunjwa, kikosi kimefika au hakikufika, na kamanda hawezi kuandika kwamba ameuteka mji ambao adui bado anaurushia mizinga. Habari mbaya hufika usiku uleule. Katika kilimo, elimu au afya, kosa hukaa kimya kwa miaka, na anayeumizwa nalo yuko mbali na redio ya jeshi. Basi uthubutu unafaa sana mahali ambapo matokeo huonekana upesi. Mahali ambapo matokeo huchelewa, uthubutu usio na masikio huongeza ukubwa wa hasara. Kiongozi stadi huitambua aina ya kazi iliyo mbele yake, na miongoni mwa kazi za serikali, zile zinazofanana na vita ni chache.

Wengine watahofu kwamba kiongozi wa kusikiliza atakuwa bendera, hana msimamo. Jibu lipo katika kazi ya Tume ya Nyalali. Mwaka 1991, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi kukusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Kiongozi bendera angeishia hapo. Tume ikapendekeza vyama vingi, Mwalimu, ambaye ndiye aliyeujenga mfumo wa chama kimoja, akaunga mkono, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Asilimia 20 walichukuliwa kuwa ni wananchi wenye hoja, ambao kuwazima kungekuja kuigharimu nchi. Kusikiliza, kwa hiyo, si kuhesabu mikono tu. Ni kuuchukua kwa uzito upande usio na nguvu, kisha kuamua na kubeba lawama ya uamuzi. Mtu anayeamua baada ya kulijua pingamizi kali kabisa dhidi yake ana msimamo imara kuliko aliyezungukwa na makofi.

Lipo na pingamizi la mila: kwamba kwetu mkubwa habishiwi, na kwamba kumsahihisha mzee ni utovu wa adabu. Tumelelewa kwa methali kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sawa, lakini mila hizohizo zilikuwa na baraza la wazee, na Mwalimu mwenyewe aliandika kwamba demokrasia ya Kiafrika ya zamani ilikuwa wazee kukaa na kuzungumza mpaka wakubaliane. Hata penye heshima kubwa palikuwepo mshenga, mjomba, mtani. Hao walikuwa watu walioruhusiwa kumwambia mkubwa lisilosemeka bila kumvunjia hadhi. Mtani aliweza kumkejeli chifu msibani. Kinachoitwa heshima katika ofisi nyingi za leo, ambako mtumishi huandika taarifa kwa kubashiri bosi anataka kusikia nini, ni hofu ya kupoteza cheo, na hofu hiyo haikuletwa na wahenga.

Namna ya kumtambua kiongozi wa kweli, basi, haimo katika hotuba yake. Tazama kilichompata mtu wa mwisho aliyempinga. Je, yupo kazini, au alihamishwa ghafla? Tazama kama mkaguzi wa hesabu anaogopwa au anatukanwa. Muulize mgombea, awe wa udiwani, wa SACCOS, wa kamati ya msikiti au wa baraza la kanisa, ni jambo gani aliwahi kulibadilisha baada ya kuambiwa amekosea, na nani alimwambia. Asiye na jibu ama hajawahi kufanya kazi kubwa, ama hakuna aliyethubutu kumwambia.

Na kazi hii si ya viongozi peke yao. Nchini Tanzania kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, ukisomewa mapato na matumizi. Vijiji ambavyo mkutano huo haukai ni vingi, na mara nyingi haukai kwa sababu hakuna aliyeudai. Udaini. Nendeni, ulizeni hesabu kwa adabu na bila woga, na akiinuka mmoja kuuliza swali gumu, msimwache amesimama peke yake.